Swichi ya Jikoni kwa Popo

Mtaani walimwita Popo, naye aliitikia. Angefanyaje? Mtu anayetoka nyumbani wenzake wakifunga madirisha, na kurudi wenzake wakiyafungua, hawezi kudai aitwe njiwa. Alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate, kwenye meza ya kufungia. Pale mkate unakuja bado una joto, unautia kwenye mfuko, unaubana kwa kibanio, unausukuma, na kabla hujavuta pumzi mwingine umeshafika. Kazi yenyewe haina ufundi wa kuringia. Inataka miguu tu, na miguu ya Popo ilikuwa imeanza kudai haki zake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye macho mekundu na ulimi mwepesi wa utani, ingawa ulimi huo ulikuwa haujasikika siku nyingi. Kuna uchovu ambao mtu akilala unaisha, na kuna ule anaolala nao, anaamka nao, na kuupigia mswaki pamoja na meno. Wa Popo ulikuwa huo wa pili. Asubuhi hiyo alipanda ngazi za nyumba yao akishika ukuta, hoi bin taabani, nguo zikinuka mkate, harufu inayowatoa wengine mate na kumtia yeye kichefuchefu. Mkobani mwake vishikio vya kuwashia jiko la gesi viligongana kila alipopanda ngazi moja.

Habari ya vishikio hivyo ni hii. Baba yake Popo alipofariki, mama yake alihamia kwake, nao wakawa wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili na jiko dogo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku mama alipobandika maziwa jikoni, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani, akayasahau. Sufuria iliungua, kisha taulo la vyombo likashika moto, kisha pazia. Jirani ndiye aliyeingia mbio na ndoo ya maji. Popo alikuwa chumba cha pili, amelala fofofo baada ya zamu, na hakusikia kitu. Alipoamka alikuta ukuta mweusi, jirani amelowa, na mama yake ameketi kitini anauliza nani kamwaga maji.

Tangu siku hiyo Popo alivichomoa vishikio vya jiko na kwenda navyo kazini. Mama yake alisema ameishi miaka mingi lakini hajawahi kuona mtu anayekwenda kazini na jiko. Kaka mkubwa wa Popo, aliyeishi upande wa pili wa mji katika ghorofa lenye lifti, alileta maikrowevu. "Hii haina moto," alisema, "hata mtoto mdogo anaiweza." Akabandika karatasi nyekundu kwenye kitufe cha kuwashia, akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi, akaenda zake.

Kusema kweli ile maikrowevu iliwasaidia. Popo alipika siku yake ya mapumziko, akagawa chakula kwenye bakuli, na mama akawa anajipashia mwenyewe mchana binti yake akiwa kitandani. Ila usingizi wa Popo ulikuwa umeharibika. Baada ya ule moto hakulala tena fofofo. Alilala usingizi wa mang'amung'amu, sikio moja likiwa jikoni, na mlio wowote ulimtoa kitandani mbio, miguu mitupu.

Sasa kaka alikuwa na pendekezo. Alitaka kumchukua mama moja kwa moja, na leo mchana angepiga simu kupata jibu. Likiwa ndiyo, Jumapili angekuja na gari. Mama mwenyewe hakutaka hata kulisikia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Na kule kwa kaka yako hata jembe hakuna. Watanipa rimoti." Alikipenda kiti chake cha dirishani na wapita njia aliowajua kwa mwendo wao, na alimpenda binti yake, ingawa hilo hakulisema kwa sababu si mtu wa kusema mambo kama hayo. Popo naye alikuwa ameahirisha jibu wiki baada ya wiki. Pale kwenye ngazi, asubuhi hiyo, jibu lilikuwa limekaribia sana kuwa ndiyo.

Alipofungua mlango alimkuta mama yake jikoni, amesimama mbele ya maikrowevu, bega lake likiusukuma mlango wa mashine kama mtu anayesukuma gari lililozimika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Imekufa."

"Umeisukuma kwa chini?"

"Nimeisukuma chini, juu na katikati. Nimeibembeleza na nimeitukana. Imekufa."

Kwa wiki kadhaa mlango ule ulikuwa na vituko. Unaufunga, unabonyeza karatasi nyekundu, kimya. Ukiusukuma kwa goti huku unabonyeza, inawaka. Popo aliujua ugonjwa huo akaunyamazia, kwa kuwa kitu kinachofanya kazi kwa goti bado kinafanya kazi. Alijaribu sasa kwa goti, kwa nyonga, kwa kiganja. Taa ya ndani iliwaka na kuzimika vizuri, lakini sahani haikuzunguka.

Hapo ndipo alipoliona koleo. Lilikuwa juu ya jiko la gesi, na kwenye kijiti kimoja cha chuma, pale kilipokuwa kishikio, kulikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Mama. Hili koleo linafanya nini hapa?"

Mama aliliangalia koleo kana kwamba ni mgeni asiyealikwa. "Nilitaka kukupashia supu," alisema. "Unarudi na njaa."

Popo alikaa kwenye stuli. Miguu ndiyo iliyomkalisha, yeye hakuamua. Aliwaza moto, pazia, na safari hii jirani yuko kazini. Alijiona yuko kwenye meza ya kufungia mikate, na mtu anakuja kumgusa bega ampe habari. Kitu kilichokuwa kinakaribia kuwa ndiyo kilifika. Kaka akipiga simu nitamwambia amchukue, alisema moyoni, na badala ya kuhisi nafuu alihisi kama mtu aliyekabidhi funguo za nyumba yake mwenyewe.

Lakini kulikuwa na siku kadhaa kabla ya Jumapili, na siku hizo mama angekula nini? Alilitia koleo mkobani, likaungane na vishikio, akashuka ngazi alizopanda sasa hivi.

Fundi alikuwa na chumba chake chini ya nyumba ya mkabala, kimejaa feni zisizozunguka, pasi zisizochoma na redio zenye matumbo wazi. Waliomjua walimwita Fundi Kesho. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. Alikuwa na ugonjwa wa kupenda kuahidi, na kila ahadi aliiweka kesho ili ipate nafasi nzuri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walimwambia wateja wake, naye alicheka nao na kuwapa kiti.

"Kesho asubuhi, dada, nitakuja mwenyewe," alisema Fundi, Popo alipomweleza.

"Fundi, niangalie macho."

Fundi Kesho alimwangalia macho. Akachukua mfuko wake wa vifaa akamfuata.

Aliiweka maikrowevu juu ya meza, akachomoa plagi, akafungua skrubu za nyuma na kulivua lile koti lake la bati. Kabla hajagusa waya wowote, alichukua bisibisi yenye mpini wa plastiki akaigusisha kwenye ncha mbili za kopo dogo la chuma lililofichama ndani. Cheche ikaruka, tak! Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika kifua.

"Si umechomoa plagi?" aliuliza.

"Nimechomoa, mama. Lakini hii kapasita inatunza umeme wake tumboni. Inaweza kumrusha mtu na plagi anayo mkononi."

"Kama wifi zangu," alisema mama, akarudi sebuleni kwenye kiti chake.

Fundi alionyesha kulabu mbili za plastiki kwenye mlango. Mlango ukifungwa, kulabu zinaingia kwenye matundu na kubonyeza swichi ndogo zilizokaa nyuma yake. Ziko tatu, alieleza, zinalindana kama mabaunsa. Moja isipoitikia, mashine haiwaki. Akazipima moja moja kwa mita yake. Ya kwanza haikuitikia hata alipoibonyeza kwa kidole.

"Huyu ndiye marehemu," alisema. "Sasa, wa kumrithi sijui kama ninaye. Niangalie kwenye makorokoro yangu, halafu ke..."

"Usilitamke."

"Basi iko njia ya mkato. Naziruka swichi zote, naunganisha waya kwa waya. Itawaka sasa hivi. Ila haitajua tena kama mlango umefungwa au uko wazi."

"Itapasha chakula?"

"Itapasha. Ukitia mkono, itapasha na mkono."

Popo alikuwa ameegemeza kichwa kwenye friji. Ubaridi wake ulimpendeza. Macho yalikuwa yamefumba na maneno yalikuwa yanamfikia kutoka mbali. "Unganisha," alisema. "Unganisha tu, Fundi, nikalale."

Alipofumbua macho, alimwona Fundi Kesho amekipasua kile kiswichi kwa ncha ya kisu na anakielekeza dirishani. Uso wake wa mzaha ulikuwa umeondoka.

"Nani anaitumia mashine hii?"

"Mama."

"Basi siunganishi. Njoo uone." Ndani ya kiswichi kulikuwa na vijipande viwili vya chuma vinavyogusana, na vyote viwili vilikuwa vyeusi, vimeliwa, kama sufuria iliyounguza maziwa. "Huu si uzee. Mtu akisubiri mashine isimame yenyewe, umeme unakuwa umeshakatika, swichi inaachia kwa amani. Akifungua ikizunguka, umeme unakatwa hapa kwenye chuma, na cheche inaruka. Leo cheche, kesho cheche. Nyumba hii kuna mtu anafungua mlango mashine ikizunguka, na si mara moja moja. Nikiiruka swichi, siku akifungua haitazima. Mimi sitaki kumchoma mama wa watu."

Popo aliona aibu, tena aibu kubwa, kwa vile ni yeye aliyesema unganisha. Lakini aibu ya mtu aliyechoka haikai sana. Inatafuta mahali pa kwenda, na mara nyingi inakwenda kuwa hasira. Alienda sebuleni.

"Mama, unafungua mlango mashine ikiwa inazunguka?"

Mama alikuwa anaangalia nje. "Nani kasema?"

"Swichi imesema. Imeungua. Si tulikufundisha, mimi na kaka? Unabonyeza nyekundu, unasubiri ilie, ndiyo unafungua."

"Chakula kikipata moto natoa. Nisubiri kibali?"

"Ndiyo, usubiri! Hicho ndicho ulichoambiwa! Mama, jambo dogo kama hili? Sufuria, koleo, sasa mlango. Huwezi tena kukaa peke yako, huwezi!" Sauti yake ilikuwa imepanda hadi jikoni, na huko Fundi Kesho alijitia hamnazo, akahesabu skrubu zake. "Kaka atapiga simu leo. Nitamwambia aje akuchukue."

Mama alilinyoosha shuka alilojifunika miguuni, akalinyoosha tena pale palipokwisha kunyooka.

"Sawa," alisema. "Mwambie. Lakini ulale kwanza. Ukiongea na kaka yako umechoka huwa mnagombana."

Popo alirudi jikoni akiwa hana hamu hata ya kusimama. Fundi alikuwa ameshavuka barabara kwenda kupekua makorokoro yake. Alirudi na maikrowevu nyingine kwapani, mzoga usio na mlango, na kutoka tumboni mwake alitoa swichi inayofanana na ile iliyokufa, shilingi kwa ya pili. Aliipachika, akasukumia waya zake, akachomeka plagi bila kuufunga mlango wala kurudisha bati. Pa! Taa ya ndani ikawaka, ikazimika papo hapo. Fyuzi imekwenda.

"Haraka haraka haina baraka," alisema Fundi Kesho, akijikuna kisogo. "Unaona, dada? Ndiyo maana mimi husema kesho. Hizi swichi ni pacha wa sura, si wa tabia. Moja ukiibonyeza inaunganisha, nyingine ukiibonyeza inakata. Nimeweka mkorofi. Ilibidi nimpime kwanza."

Siku nyingine Popo angemtania mpaka wajukuu wake. Leo aliinua kiganja tu, maana yake endelea. Fundi alichomoa plagi, akaigusisha tena bisibisi kwenye kapasita, akapima kila kitu safari hii kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Alipata swichi yenye tabia inayotakiwa, akaweka na fyuzi mpya, akaufunga na kuufungua mlango mara kadhaa huku akisikiliza, tik, tik, tik. Akarudisha bati. Akatia kikombe cha maji ndani, akabonyeza karatasi nyekundu.

Sahani ikazunguka. Mngurumo wake ulijaza jiko. Popo, mgongo kwenye friji, aliangalia kikombe kikizunguka na kuzunguka nyuma ya kioo, na pengine alisinzia akiwa wima, kwa maana alishtuka mashine ilipofika mwisho na kuanza kulia. Ilikuwa na mlio mkali, wa kutoboa, na haikulia mara moja. Ililia ikarudia, ikarudia tena.

Kabla haijamaliza, mama alikuwa jikoni. Alikuja bila fimbo yake ya kutembelea, nywele zimetimka, akampita Fundi, akampita binti yake bila kumwona, akaushika mlango wa mashine akauvuta kwa nguvu.

"Izimeni!" alisema kwa mnong'ono mkali, mnong'ono wa mtu anayepiga kelele kwa ndani. "Izimeni jamani, kuna mtu amelala! Binti yangu amesimama usiku kucha, mnataka aamke?"

Mashine ikanyamaza. Mama aligeuka, akamwona Popo amesimama pale na aproni ya kiwandani bado iko shingoni. Akamwangalia. Akauangalia mkono wake mwenyewe juu ya mlango. Uso wake ulitafuta kitu, haukukipata.

"Kumbe upo hapa," alisema polepole.

Popo alikumbuka. Alikuwa amesahau kabisa, na sasa lilimrudia lote kwa mara moja. Zile siku za mwanzo za maikrowevu, kila ilipolia alitoka kitandani mbio akidhani ni moto, na siku moja alisimama mlangoni pale, akamfokea mama yake: "Mama, hata kulala nisilale? Hata hilo?" Mama alikuwa ameshika bakuli. Baada ya hapo milio ilikoma, na Popo akajiambia ameizoea. Hakuna mtu anayezoea mlio kama ule. Kuna mtu alikuwa anauzuia.

"Mama, ndiyo maana unaifungua?"

"Inabaki kidogo, natoa," alisema mama, akijitetea, kwa kuwa alidhani bado anasutwa. "Ile inapiga kelele kama imepikia mtaa mzima. Chakula chenyewe kijiko kimoja."

"Na chakula kinakuwa kimepata moto?"

"Mara nyingine vuguvugu. Vuguvugu si vibaya."

Fundi Kesho aligundua kwamba skrubu zake zinahitaji kuhesabiwa tena. Popo alijifuta uso kwa aproni, na harufu ya mkate ikamjia, naye akalia ndani ya harufu hiyo bila kujificha. Aliona uchungu kwa ajili ya mabakuli yote ya vuguvugu, aliona uchungu kwa neno alilolisema sebuleni, na aliona uchungu kwa jambo la tatu ambalo lilikuwa zito kuliko yote: mama yake kweli alikuwa anasahau. Amemsahau yeye hapa hapa, amesimama mbele yake. Maziwa yamemtoka kichwani, koleo, siku za wiki. Kilichobaki humo hakijatikisika ni kwamba binti yake amelala na asiamshwe. Mtoto kwa mamaye hakui, walisema wakubwa, na hawakusema kwamba hata kichwa kikiisha, hilo halitoki.

"Fundi," alisema Popo. "Kile kinacholia kinaweza kutolewa?"

"Kutoa, mpaka nilete chuma cha kulehemu, na chuma kiko kwa mtu, labda ke..." Alijikata mwenyewe. "Lakini naweza kukiziba mdomo. Sasa hivi."

Alilivua bati mara ya pili, akaigusisha bisibisi kwenye kapasita kama kawaida yake, akakionyesha kile kidude nyuma ya vitufe, cheusi, cha duara, chenye tundu dogo katikati. Alikifunika kwa utepe, tabaka juu ya tabaka. Walipoijaribu tena, mlio ulitoka mwembamba kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Mama aliinamisha sikio karibu na mashine, akasikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa kukubali.

"Hiyo ni sauti ya mtu mwenye adabu," alisema.

"Sasa usiifungue kabla ya mbu, mama," alisema Fundi.

"Nikisahau?"

Fundi alisema ikiungua tena ataweka nyingine, swichi si kitu. Kisha Popo akamwomba jambo moja zaidi: akifungue kile kichwa kinachopitisha gesi juu ya mtungi. Alikitoa akampa mkononi, naye akakifungia kabatini kwake pamoja na nguo. Koleo likizungusha sasa, litazungusha hewa. Ni jambo ambalo mtu aliyelala vizuri angelifikiria zamani sana. Alivitoa vishikio mkobani, akavirudisha kwenye jiko mahali pake kimoja kimoja, kisha akauacha mkoba kwenye meza ya jikoni, umelegea.

Fundi Kesho alilipwa, akabebeshwa na mkate juu, akaaga. "Shikamoo, mama," alisema, salamu ambayo alisahau kuitoa alipoingia. "Marahaba," alisema mama, "na uwe unakuja leo."

Popo alilala. Yaani alijitupa kitandani, akafunga kitambaa machoni, akasubiri. Miguu ilimuuma kama si yake. Alifikiri kwamba hakuna kilichopona isipokuwa swichi. Mama ataendelea kusahau, kiwanda kitaendelea kuoka, na kesho atapanda ngazi zile zile akishika ukuta. Kupitia ukuta alisikia mngurumo wa mashine, mrefu, mpaka mwisho wake. Akamsikia yule mbu. Halafu mlango, halafu kijiko.

"Lo!" ilisema sauti ya mama yake jikoni, peke yake, kwa mnong'ono. "Moto! Inataka kunichubua ulimi."

Popo alikuwa anazama, usingizi wa kweli ukimvuta kutoka chini, simu ilipolia mkobani kule jikoni. Haikulia mara ya pili. Alisikia kiti kikisukumwa na miguu ya mama ikienda haraka.

"Haloo... Nani? Ni wewe? Teremsha sauti, mdogo wako amelala... Jibu gani?... Ndiyo, najua ni jibu gani, kaniambia asubuhi... Hapana. Hapana, simwamshi. Hata kama ni mimi ninayeondoka, simwamshi. Utapiga jioni."

Kitambaa kilikuwa kimelowa machoni mwa Popo. Alijiinua kwa kiwiko.

"Mama!" aliita. "Mwambie huendi popote!"

"Umeona?" mama alifoka kwenye simu, bado kwa mnong'ono. "Umeona sasa? Umemwamsha!" Akamkatia.

Akaja mpaka mlangoni pa chumba, bakuli mkononi likitoa mvuke.

"Umesikia nilivyosema?" aliuliza Popo.

"Nimesikia. Lala."

Popo alijilaza. Mama alisimama pale mpaka pumzi ya binti yake ikawa ndefu, kisha akaufunga mlango polepole, akikishikilia kitasa mpaka mwisho ili kisitoe mlio.